Ndiva ya Mrindoko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa mlima!
Mlima una nini?
— Una kiu!
Na mimi je?
— Una maneno!
Haya, kaeni vizuri basi, niyamwage.

Hapo kale, milima ilipokuwa ingali ikigombana upi ndio mrefu, aliishi mtu mmoja mlimani, jina lake Mrindoko. Kazi yake kulima. Kipaji chake kusema. Msinitazame mimi! Mimi nasema na kulima pia, kaulizeni mahindi yangu.

Mrindoko alitaka kitu kimoja tu duniani: ndiva. Ninyi wa bondeni hamjui ndiva, mnafungua macho tu mto huo hapo. Ndiva ni bwawa la udongo. Jioni unaliziba, usiku kucha linakusanya maji ya chemchemi. Asubuhi unalizibua, maji yanashuka shambani. Mwenye ndiva hali njaa.

Juu ya nyumba yake ilikuwako chemchemi. Nyembamba, kama mkojo wa mbuzi, lakini haikulala. Usiku na mchana ilitiririka, ikapotelea kwenye mawe, haikingiki hata kwa kata, bure kabisa. Mrindoko akiitazama huku akisema:

"Nitachimba ndiva hapa! Upana wake, kutoka mgomba huu hadi mgomba ule. Kina chake, ng'ombe ataogelea. Mwezi utashuka kunawa uso!"

Jamani, alijua kusema. Aliieleza ndiva ile mpaka bata wa porini wakashuka kutafuta maji, wakakuta nyasi, wakaondoka wamenuna. Naapa.

Mke wake, Nakundwa, alikuwa akishuka mtoni na mtungi, akipanda na mtungi. Kushuka, kupanda. Kushuka, kupanda. Nywele za utosini zimeisha.

Mwaka wa kwanza akauliza, "Baba Nanzia, ndiva?"

"Mpini wa jembe haujakauka, Mama Nanzia. Ukikauka tu!"

Mwaka wa pili akauliza, "Baba Nanzia, ndiva?"

"Miwa haijakomaa. Nitaita watu wachimbe bila pombe? Unataka nichekwe?"

Mwaka wa tatu akauliza, "Baba Nanzia, ndiva?"

"Mwezi umekaa vibaya. Huuoni ulivyoinama?"

Mwaka huo jua lilikuja na hasira. Mahindi yakajikunja kama masikio ya punda aliyekaripiwa. Nakundwa akatua mtungi, akasema kwa sauti ndogo. Mwanamke akisema kwa sauti kubwa, kaa. Akisema kwa sauti ndogo, simama.

"Baba Nanzia, nimemwita kaka yangu Kiangi. Anakuja na punda. Mahindi haya yakifa, nachukua watoto, narudi kwa baba."

Mrindoko akacheka. Halafu akaona hakuna mwenziwe wa kucheka.

Kiangi akafika na punda wawili, akawafunga uani. Mtu wa maneno machache, mwenye mdomo uliopinda upande mmoja kama anaonja ndimu. Unadhani Mrindoko alishika jembe? Wapi! Alimkalisha shemeji akaanza kumweleza ndiva.

Hapo ndipo Nakundwa alipopata akili. Sikilizeni hapa, wenye kusinzia amkeni.

Mlimani pale palikuwa na desturi ya msaragambo, wito wa kazi ya wote. Baragumu likilia, kila mwenye mikono anakuja na jembe. Hakuna kukataa, hakuna kuuliza malipo. Lakini sharti moja: baragumu halipulizwi mpaka mwenye kazi awe ndani ya shimo lake mwenyewe, udongo umemfika kiunoni. Hujafika kiunoni, usimsumbue mtu.

Nakundwa akamwendea mumewe, mpole kama uji.

"Baba Nanzia, nataka kupanda maboga pale juu, lakini naogopa kuipandia ndiva yako. Hebu nionyeshe mwisho wake."

"Maboga kwenye ndiva yangu? Thubutu!" Akachukua jembe, akakwaruza mstari mrefu kutoka mgomba huu hadi mgomba ule. "Umeuona? Siku nikianza, itafika hapa."

Kesho yake Nakundwa akaleta punda wakalala juu ya mstari.

"Baba Nanzia, punda wa Kiangi wamefuta. Si uweke mstari wenye kina? Na udongo tupia upande wa bondeni, usinijazie njia."

"Punda wajinga kama mwenye punda!" Akachimba mstari kina cha kiganja, akatupa udongo bondeni. Tuta likainuka, yeye halioni. "Siku nikianza, hapa ndio ukingo."

Siku ya tatu Kiangi akaja kusimama juu ya tuta, mdomo umepinda.

"Shemeji, ndiva yenyewe ndiyo hii? Kina cha kifundo cha mguu? Hata kuku hazami."

"Nani kasema kifundo? Goti!"

"Goti lako silioni liko wapi."

Mrindoko akachimba mpaka goti. "Hili hapa!"

"Goti la mtu mfupi hilo," akasema Kiangi.

"Mfupi nani? Nimesema goti kwa heshima yako, Shemeji. Paja!" Akachimba mpaka paja. Jasho linamtoka, ulimi haupumziki.

"Paja la mbuzi," akasema Kiangi.

"Basi kiuno! Kiuno! Tazama kwa macho yako mawili!" Udongo ukaruka kulia, ukaruka kushoto, akafika kiunoni, akachomeka jembe, akapiga kifua. "Hapa! Siku nikianza, maji yatafika hapa!"

Nakundwa akatoa ndani ya khanga yake baragumu aliloazima kwa mpiga mbiu. Akalipuliza.

Puuuuu!

"Mama Nanzia! Unafanya nini? Mimi bado sijaanza!"

Puuuuu!

"Watu watanicheka! Sijaanza!"

Puuuuu!

Mlima ukasikia. Nyumba zikafunguka. Jamani, mimi nimeona mengi, nimeona kimbunga kikimvua mtu shati akabaki na kola, lakini walivyoshuka watu siku ile! Waliteremka kila kilima, majembe yanawaka juani, mpaka ukadhani mlima wenyewe umesimama unatembea. Mpiga mbiu akaja mbele, akachungulia shimoni.

"Mwenye kazi yuko kiunoni?"

"Yuko!" wakaitikia.

Hakuuliza lingine.

Wanaume wakachimba. Wanawake wakamwaga udongo wa mfinyanzi, wakaukanyaga kwa wimbo, mguu wa kulia, mguu wa kushoto, ardhi inanguruma chini kama simba aliyeshiba. Pombe haikuwepo na hakuna aliyeikumbuka. Mrindoko katikati yao anachimba, kinywa wazi, hajui aanze kushangaa wapi. Jua likizama, wakageuza chemchemi iingie, wakaziba tundu la kutolea maji kwa kigogo cha mgomba, wakaenda kulala.

Asubuhi wakarudi. Wakafika ukingoni, wakasimama wote. Hata watoto.

Mbingu ilikuwa imelala chini. Mawingu yanapita miguuni mwao. Kilele cha mlima kimepinduka, kinatetemeka ndani ya maji. Mzee mmoja akavua viatu, hakuna aliyemwambia avue. Wakamtazama Mrindoko, wakijua sasa atasema. Mrindoko akafungua mdomo. Akaufunga.

Akavuta kile kigogo.

Maji yakatoka! Maji, ndugu zangu, hayasubiri mtu amalize hotuba. Mrindoko akanyakua jembe, akayatangulia mbio, anayafungulia njia. Mstari wa kwanza ukanywa. Mstari wa pili ukanywa. Mstari wa tatu ukanywa. Kila mhindi uliofikiwa ukajikunjua, taratibu, kama mtu anayenyoosha mgongo. Mbio mpaka chini, neno halijamtoka.

Nakundwa akamkuta mwisho wa shamba, matope magotini.

"Baba Nanzia, hebu nieleze. Ndiva yako itakuwaje?"

Mrindoko akahema, akasema, "Twende ukaione."

Nakundwa akamgeukia kaka yake. "Kiangi, nisalimie baba. Mwambie kwake nitakuja kutembea tu."

Kiangi akafungua punda wake, akateremka peke yake, viatu vimejaa maji ya ndiva, vinalia chwaa, chwaa, mpaka bondeni.

Mzigo wangu wa maneno nimeutua hapa. Ukikunogea, sema umeupata kwangu. Usipokunogea, rudisha ulipokaa, na uondoke hujaukanyaga!