Sahani ya Aliye Nje

Jalada Namba 114: Kuhusu Kutoonekana kwa Sahani Moja ya Udongo, Yenye Ufa, Pamoja na Kawa Lake.

Hilo ndilo lililokuwa jina kamili la shauri, na wakubwa watatu walikuwa wamekwisha kulitia sahihi. Lilikuwa mezani kwa Karani Semboja kwa siku kumi na moja. Wapishi walihojiwa. Walinzi walihojiwa. Paka wa jikoni naye alitazamwa kwa macho mabaya. Sahani haikuonekana, wala kile kifuniko chake cha ukindu.

Lakini si sahani iliyomkosesha Semboja raha. Ni daftari lililokuwa chini ya lile jalada.

Nchi ile ilikuwa ya milimani, na masika yake yalikuwa na baridi ya kuua. Kwa hiyo kila mwaka, mvua zikianza, mfalme aliifungua nyumba yake kubwa, akawaita watu wote waingie, wale naye, waote moto mpaka mvua zikatike. Lango halikufungwa mchana wala usiku. Kazi ya Semboja ilikuwa kuandika kila asubuhi, katika Daftari la Walio Nje, majina ya wale ambao hawajaingia. Miaka yote ukurasa ule ulijaa siku ya kwanza na kubaki mtupu kufikia siku ya tatu, watu wakishamaliza kuwafungia kuku wao.

Mwaka huu jina moja halikuondoka: Mhina. Naye Mhina alikuwa kaka yake Semboja, tumbo moja.

Sababu ilijulikana. Mhina alikuwa na jirani, Mdoe, ambaye zamani aliyang'oa masale, ile mimea ya mpaka, na kuyapanda upya hatua sita ndani ya shamba la Mhina. Mwaka huu Mdoe alikwenda kwa mfalme mwenyewe, akakiri, akalirudisha shamba na mavuno yake, akasamehewa, akapewa mkeka ukumbini. Mhina alipofika langoni akamwona Mdoe anaota moto.

"Akikaa yule, mimi sikai," alisema, akageuka. Akaenda kujibanza katika kibanda cha mfinyanzi nje ya lango, ambacho paa lake lilikuwa nusu.

Asubuhi ya kumi na moja kikohozi cha Mhina kilisikika mpaka ofisini. Semboja alichovya kalamu kwenye wino, mkono ukagoma. Akalikwapua daftari, akaenda kwa mfalme. Alikuwa amevaa kanzu yake kuukuu makusudi, ili kama ni kufungwa, asifungwe na ile mpya.

"Mfalme wangu, wasema unawapenda watu wako wote."

"Ndivyo."

"Na una uwezo wa kufanya utakalo."

"Ninao. Ingawa Waziri wa Milango hupenda nipitishe kwake kwanza."

"Basi ukurasa huu ni wa nini? Watu wanasema nje ni jela uliyoitengeneza."

"Mimi nilitengeneza nyumba, Semboja. Nje ni pale ambapo nyumba haipo."

"Hilo ni jibu zuri kwa mtu mkavu," Semboja akasema. "Kaka yangu anakufa."

Mfalme hakukasirika, jambo lililomsikitisha Semboja, maana hasira alikuwa amejiandaa nayo. Akavua pete yake ya muhuri, akaiweka juu ya daftari.

"Mpaka jua lichwe, neno lako ndilo neno langu. Uondoe jina hilo ukurasani kwa njia yoyote unayoiona kuwa ni ya upendo. Ukiweza, nitaifuata njia yako mwaka hata mwaka."

Semboja alikuwa mtu wa ofisi, akaanza kiofisi. Akatoa Waraka Namba Moja: *Kuanzia leo, eneo lote lililo nje ya lango litahesabika kuwa ni ndani.* Waziri wa Milango aliusifu sana waraka ule. Alisema haujapata kutoka waraka wenye manufaa makubwa hivyo kwa kazi ndogo hivyo. Mpiga mbiu akapelekwa kibandani akausoma wote, na tarehe.

Mhina alikohoa, akafuta mdomo. "Ni mzuri," alisema. "Sasa mkaisomee na mvua."

Semboja akatuma askari wanne. Wakamnyanyua Mhina na mkeka wake wakamleta ukumbini, wakamweka karibu na moto kuliko mtu yeyote. Mama Mkunde, mkuu wa jiko, akamfunika blanketi na kumletea supu. Mhina aliupa moto mgongo. Mdoe akaja polepole, ameshika jani la sale kwa mikono miwili, kama aombaye msamaha afanyavyo katika nchi ile. Mhina akafumba macho. Ukumbini hata waliokuwa wakitafuna waliacha.

"Bwana Wino," Mhina akasema. Hivyo ndivyo alivyomwita mdogo wake tangu alipoajiriwa. "Kule nilikuwa nalowa, lakini nilikuwa nimekaa. Hapa umenifunga."

"Kaka, huu ni moto tu. Wenzako wote unawapa joto."

"Mimi unaniunguza."

Wala hakuwa anatania. Jasho lilikuwa linamtoka. Askari walipomwachia alitoka kwa miguu yake, wima kuliko alivyoingia.

Semboja akaona basi, kama kizuizi ni Mdoe, dawa ni kumwondoa Mdoe. Akamwita. Mdoe hakubisha. Alikunja blanketi lake vizuri, akalirudisha, akaanza kuelekea langoni. Semboja akafungua daftari kufuta jina la Mhina, na papo hapo akaona kwamba kwenye mstari huohuo itabidi aandike jina la Mdoe. Tena akamsikia Mhina akiuliza kwa sauti toka kibandani:

"Na Mama Mkunde aliyempakulia je? Na wale waliompisha akae? Na huyo mfalme aliyemsamehe?"

Semboja akapiga hesabu kichwani. Kwa mwendo ule, nyumba ingebaki na mtu mmoja, na moto wa kumtosha. Akamkimbilia Mdoe, akamrudisha kwa kumshika mkono.

Jua lilikuwa limeinama. Akaja mganga wa nyumba ya mfalme, mtu mpole mwenye kichupa.

"Matone matatu kwenye uji," alisema. "Baada ya hapo hatakataa kitu tena. Atamkumbatia Mdoe. Atakupenda na wewe."

"Umekwisha kuijaribu?"

"Kwa kuku." Akaonyesha uani. Kuku mmoja alikuwa anamfuata paka wa jikoni kila aendako, kwa mapenzi makubwa, na paka alikuwa anaona haya.

"Ataendelea kuniita Bwana Wino?"

"Ukitaka. Usipotaka, hataita."

"Nikikosea, ataniambia?"

"Kwa nini akuambie? Kila utakachofanya kitampendeza."

Semboja alikishika kile kichupa kwa muda. Alimkumbuka Mhina kijana, akimvusha mtoni mgongoni na kumtukana njia nzima kwa uzito wake. Alikumbuka pia siku aliyopata ukarani, nduguze wote walipomsifu, na Mhina peke yake akamwambia, "Usije ukadhani mtu ni jina lake tu." Huyo ndiye aliyekuwa anamtaka aingie. Wa kwenye kichupa angekuwa mtu mwingine, amevaa ngozi ya kaka yake.

Akakirudisha kichupa. Kisha akaenda kwa mfalme, akaweka pete mezani.

"Nimeshindwa, mfalme wangu."

"Pole," mfalme akasema. "Tuko wawili. Kumwita naweza. Kumngoja naweza. Kuitika badala yake siwezi, maana nikiitika mimi, atakayekuwa ameitika ni mimi."

"Basi ndiyo mwisho?"

Mfalme alisimama, akavaa koti la majani kama la wachunga mbuzi, akainama, na kutoka chini ya kiti chake akatoa sahani ya udongo iliyofunikwa kawa. Ilikuwa na ufa. Ilikuwa inatoka mvuke.

Semboja aliitazama ile sahani, kisha akamtazama mfalme.

"Mfalme wangu, sahani hiyo inatafutwa."

"Najua. Sahihi ya tatu kwenye jalada ni yangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Mlimuuliza paka."

Siku zote kumi na moja Semboja alidhani kwamba kiti cha mfalme kilikuwa kitupu jioni kwa sababu wafalme hula peke yao.

"Siku ya kwanza alikimwaga chakula," mfalme akasema, wakiwa wanatoka langoni. "Ya pili pia. Kisha ikawa anampa mbwa. Juzi alimpa mbwa, ila alimtazama akila. Jana alifunua kawa, akanusa, akafunika."

"Na wewe hufanya nini?"

"Hukaa. Paa lile ni nusu, kwa hiyo mmoja wetu lazima alowe."

Walipofika, Mhina alikuwa upande mkavu. Mfalme akakaa upande wa pili, mvua ikamshukia, akaiweka sahani katikati. Semboja naye akakaa mvuani, na kanzu yake kuukuu. Baada ya muda Mhina akanyoosha shingo, akaangalia huko njiani.

"Yule anayesimama kwenye matope ni nani?"

"Ni Mdoe," Semboja akasema.

"Anataka nini?"

"Hataki kitu. Mama Mkunde anasema tangu umefika hapa chakula cha jioni hakimpiti kooni."

"Mjinga yule," Mhina akasema. "Na atapata homa." Akatazama mvua. Akamtazama mfalme, ambaye maji yalikuwa yanamtiririka puani. Kisha akafunua kawa, na safari hii hakulifunika tena. Alikula kwa hasira, tonge baada ya tonge, kama mtu anayemkomoa mwenzake, na hakuna aliyemwambia lolote.

Asubuhi yake Semboja alikuwa langoni na daftari. Ukungu ulikuwa mzito. Akasikia kikohozi kwanza, kisha akamwona mwenye nacho, ameshika sahani mkononi na kawa kwapani. Sahani ilikuwa imeoshwa.

"Nimeleta chombo cha watu," Mhina akasema. "Hilo tu."

Semboja aliuweka uso wake wa ofisini.

"Vyombo havipokelewi langoni, kaka. Vinarudishwa jikoni."

"Jikoni ni wapi?"

"Unapita katikati ya ukumbi, unaacha moto mkono wa kulia, unaulizia Mama Mkunde."

Mhina alimtazama sana. "Bwana Wino, kanuni hiyo umeitunga sasa hivi."

"Ina sahihi tatu."

Mhina akasimama pale. Semboja akawa anatamani kumshika mkono, akaiweka mikono yake nyuma. Askari walikuwapo, hakuwaita. Njia ya kurudi kibandani ilikuwa wazi kama ile ya kuingia.

Ilichukua muda. Jogoo aliwika, akanyamaza, akawika tena. Hatimaye Mhina akainua mguu, akapita. Alipofika penye moto, Mdoe, ambaye alikuwa bado amelowa, akasogea upande mmoja wa mkeka wake bila kuinua macho. Mhina alipeleka sahani jikoni. Akarudi. Akaitazama nafasi ile kwa muda, kama mtu anayepima mpaka.

"Hatua sita," akamwambia Mdoe.

"Ni kweli," Mdoe akasema. "Hatua sita."

Mhina akakaa.

Ukurasa wa Walio Nje haukuchanwa. Bado upo, na mistari yake mitupu, kwa sababu lango bado lina pande mbili. Semboja aliufunga, akachukua jalada namba 114, akaandika chini ya sahihi zote tatu: *Sahani imeonekana. Ina ufa uleule. Aliyeileta amekaa.*

Funzo: Mungu hakuumba jehanamu ili apate pa kumtupa mtu asiyempenda; upendo wake hutuita, hutungoja na kutuletea sahani mvuani, lakini kuitika ametuachia sisi. Kama kuna mtu unayemwekea chakula, mpelekee hadithi hii, na usimwongezee maneno.