Sare ya Buluu Mbili

Wapo wazazi wanaodhani kwamba nyumba isiyo na kelele ni nyumba isiyo na tatizo. Wahenga hawakudhani hivyo. Waliona kwamba kimya nacho hujaa kama mtungi, na kikijaa hakimwagiki kwa adabu.

Mshonaji mmoja alikuwa na binti mwenye mdomo uliokwenda kama cherehani. Tangu alfajiri mama huyo aliinamia sare za shule za watoto wa wenzake, uchovu umemkalia mabegani kama gunia. Sare ya bintiye aliiunga kwa mabaki ya vitambaa: mbele buluu iliyokoza, mgongoni buluu iliyopauka.

"Nani atakuangalia mgongo?" alimwambia.

Muhula ulipoanza, simu ya binti ikawa inalia mfululizo, na kila mlio ulimchoma mama kama sindano. "Mwanangu, nikiisikia tena hiyo simu naichukua. Kichwa changu si ngoma."

Binti akaizima sauti ya simu, akazima na yake pia. Chakula akawa anakidonoa tu. La kusema hakuwa nalo, ila "ndiyo, mama" na "hapana, mama". Mama akashukuru. Aliyechoka hakihoji kimya. Hukilalia kama mto.

"Shoga, huyu mtoto mbona siku hizi kama kamwagiwa maji?" muuza mboga wa mlango wa pili alimdokeza.

"Amekua huyo. Niache nami nifaidi."

Jioni moja mama alirudi kutoka kununua uzi, akapigwa na butwaa mlangoni. Sare alizolishonea darasa la bintiye, zilizokuwa zikisubiri wenyewe, zilikuwa zimetapakaa sakafuni vipande vipande. Binti aliketi katikati yake, mkasi mkubwa mapajani.

Mama alitaka kufoka, lakini pumzi haikutosha. Akaketi papo hapo juu ya vitambaa.

"Kwa nini, mama'angu?"

Binti akamsukumia simu. Ndani ya kundi la darasa palikuwa na picha ya mgongo wake, imepigwa kutoka dawati la nyuma. Chini yake waliandika: "Kiraka kaingia." "Mama fundi, mtoto bendera." "Kiraka, ukifa tutakushonea sanda ya mabaki." Vicheko vilifuatana hadi kidole cha mama kikachoka kuvipandisha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema ukiisikia simu utaichukua. Na sare umeishona wewe, mama. Ningeanzia wapi?"

Mama aliuondoa mkasi mapajani mwa bintiye. Kisha akamrudishia simu mkononi.

"Sikunyang'anyi. Usiwajibu, na usifute hata neno moja. Kesho tutampelekea mwalimu wako yote kama yalivyo, mimi na wewe. Na likikupata jingine niambie, hata ukinikuta nimesinzia kwenye cherehani. Niamshe."

"Na hizi sare?"

"Tutazishona upya, mtu na mwanawe. Tutaanza na yako."

Hapo binti akaangua kilio, kilio cha muhula mzima, hata muuza mboga akaja kuchungulia. Mama hakumnyamazisha. Alimkumbatia juu ya vile vipande akamsikiliza hadi mwisho, maana somo lilikuwa limemwingia mifupani: kimya kingi kina mshindo mkuu.