Aliyetajwa Kukaa Nyuma

"Umemtaja nani?"

"Umesikia, Mwantumu. Usinifanye nirudie mbele za watu."

"Labda nimesikia vibaya. Rudia."

"Zaliha. Leo nyuma yangu anakaa Zaliha."

"Huyu aliyekuja juzi na begi la kuburuta? Hata njia ya kisimani hajaijua!"

"Ataijua. Na wewe usinune, shoga yangu. Kesho utaelewa."

"Kesho! Mambo ya kesho ambianeni huko shuleni kwenu. Mimi niambie ya leo. Nimekukosea nini?"

Kidawa alimpa mgongo. Alipanda toroli, akakaa mbele, akajifunga kanga kiunoni.

Wapendwa, ngoja niwaeleze hawa ni nani na waligombania nini. Habari hii nimeipata kwa watu nami naifikisha kwenu. Ukiisoma ukaona inamfaa mtu uliyenuniana naye, mpelekee leo, usingoje mpatane.

Kwemzindo ni kijiji cha milimani. Zamani kulikuwa na kiwanda cha mbao. Magogo yalikatwa juu msituni, yakateremshwa kwa toroli lililopita juu ya reli za mbao. Kiwanda kilipofungwa, mashine zilichukuliwa, lakini reli na toroli moja vikabaki. Vijana wakavirithi.

Reli yenyewe ilikuwa imechoka. Misumari ilikuwa imetoa vichwa nje. Mbao nyingine zilikuwa zimekatika, zikafungwa kwa kamba za katani. Toroli likipita, zote zililia kama kitanda kibovu. Reli iliteremka, ikapanda kinundu, ikashuka tena kwa ghafla hadi ukahisi tumbo limebaki juu. Halafu ilikata kona kali kando ya migomba ya watu na kuishia kwenye rundo la maranda. Wazazi waliikataza kwa mdomo tu. Wao wenyewe waliipanda walipokuwa vijana, na ukiwauliza walicheka.

Kila Idi pili na Idi tatu vijana walilisukuma toroli hadi juu. Lilibeba watu wawili. Wa mbele aliitwa abiria. Yeye aliona bonde lote likimjia usoni, na ndiye aliyepiga kelele na kushangiliwa. Wa nyuma alishika breki, yaani mti mnene uliokandamizwa kwenye gurudumu. Huyo alikaa ameupa mteremko mgongo. Hakuona kinachokuja. Aliona kilichokwisha kupita tu.

Palikuwa na desturi. Kabla toroli halijaachiwa, watu wote waliuliza kwa pamoja, "Nani nyuma?" Abiria alitaja jina kwa sauti. Akishalitaja, hakugeuka tena hadi chini. Kugeuka kumtazama mwenye breki lilikuwa tusi. Ilikuwa sawa na kumwambia, mimi sikuamini. Kuna marafiki waliovunja urafiki wao kwa kugeuka huko.

Kidawa na Mwantumu walikuwa watoto wa ndugu wawili, baba mkubwa na baba mdogo. Tangu waliporuhusiwa kupanda, Kidawa alikuwa abiria na Mwantumu alishika breki. Kila Idi watu waliuliza, "Nani nyuma?" na kila Idi Kidawa aliita, "Mwantumu!"

Mwaka ule Kidawa alikuwa kidato cha tatu, anakaa bweni. Mwantumu aliishia kidato cha kwanza baba yake alipougua. Kidawa akirudi likizo alikuwa na maneno mapya, utani mpya, na majina ya watu ambao Mwantumu hakuwajua. Lakini kwenye toroli walikuwa sawa. Pale, na pale tu, Kidawa hakuweza kwenda popote bila yeye.

Safari hii alirudi na Zaliha, rafiki yake wa bweni, aje kula naye Idi. Walicheka pamoja habari za mwalimu wao wa fizikia. Walilala kitanda kimoja. Hayo Mwantumu aliyavumilia. Ila siku ya Idi mosi aliwakuta uani wamesukana nywele za mtindo mmoja, na nywele za Idi za Kidawa siku zote alizisuka yeye.

"Ungeniita," Mwantumu alisema.

"Nilijua una kazi nyumbani," Kidawa akajibu.

Yalikuwa maneno ya kawaida. Mwantumu aliyabeba moyoni usiku kucha.

Kwa hiyo asubuhi ya Idi pili, umati ulipouliza, "Nani nyuma?" na Kidawa akaita jina la Zaliha, mtu mmoja akapiga mluzi. Msichana mwingine akacheka akasema, "Mwantumu, umestaafishwa!" Ndipo wakaanza kujibizana kama mlivyosikia.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Asubuhi ukungu wa milimani hulowesha magurudumu, na mti wa breki huteleza. Ndiyo maana vijana wengine walisubiri jua likaushe kila kitu. Kidawa na Mwantumu pekee walitangulia mapema, na watu walisema Mwantumu ana mikono ya chuma. Haikuwa hivyo. Mjomba wake, aliyefanya kazi kiwandani, alimwonyesha namna ya kupaka majivu makavu kwenye mti na kwenye gurudumu kabla ya kuondoka. Majivu hayo Mwantumu aliyachukua jikoni, akayafunga kwenye pindo la kanga. Aliyapaka ameinama, kanga imefunika mkono, na hakumwambia mtu. Kidawa naye hakuwahi kuyaona, kwa sababu abiria hageuki.

Asubuhi ile majivu yalikuwepo pindoni, kama kila Idi.

Zaliha alikuja hadi pale alipokuwa amesimama Mwantumu. Alikuwa msichana mwembamba, mwenye haya.

"Dada Mwantumu, samahani. Najua hukupenda. Lakini wewe ndiye mjuzi. Kuna jambo lolote nilijue kabla hatujaondoka?"

Mwantumu alizitazama zile nywele. Mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko aliyoisuka yeye.

"Hakuna," akasema. "Shikilia kwa nguvu tu."

"Tu?"

"Kwani ulidhani ni fizikia?"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Zaliha naye akacheka kidogo, akasema, "Ahsante, dada," akaenda kukaa nyuma ya Kidawa, mgongo kwa mgongo.

Vijana wakaondoa jiwe. Toroli likaanza kuteremka.

Mwantumu alikunja mikono kifuani. Alijiambia kwamba litakwenda kasi kidogo tu, Zaliha atalia, Kidawa ataogopa, na kesho watu wakiuliza, "Nani nyuma?" Kidawa atarudi kwake. Hakutaka zaidi ya hapo. Wivu wake ulimwambia ni jambo dogo, naye akauamini.

Breki ya toroli lile ilipokamata, ilitoa mlio mwembamba unaosikika hadi msikitini. Wanakijiji waliuzoea. Kabla ya kinundu ulipaswa kusikika mara ya kwanza.

Haukusikika.

Toroli likaruka kinundu. Watu wakashangilia, wakidhani ni ushujaa. "Kidawaaa!" waliita. Kidawa alikuwa amenyoosha mikono yote miwili hewani, anacheka.

Mwantumu peke yake hakushangilia. Alikuwa ameshaanza kukimbia kuteremka kando ya reli, ameshika pindo la kanga, anapiga kelele, "Majivu! Zaliha, ruka! Kidawa, geuka! Geuka umtazame!"

Kidawa alimsikia. Watu waliokuwa kwenye kona wanasema alimsikia, maana mikono yake ilishuka. Lakini hakugeuka. Alikuwa ameshataja jina.

Toroli lilifika kwenye kona likaacha reli. Lilipita katikati ya migomba, likagonga ukingo wa shamba, likapinduka.

Zaliha alipatikana amekaa kwenye majani, bado ameukumbatia ule mti wa breki. Ngozi ya viganja vyake ilikuwa imechubuka yote. Hakuwa ameuachia hata kidogo. Kidawa alikuwa chini ya toroli, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umelala vibaya.

Wanaume walitengeneza machela kwa miti miwili na blanketi, wakambeba hadi hospitali ya barabara kuu. Mwantumu alikwenda nyuma yao akiwa peku. Njiani, mahali fulani, lile fundo la kanga lilifunguka. Hakuna aliyeuliza yale majivu yalikuwa ya nini.

Jioni alimkuta Zaliha kwenye benchi la hospitali, mikono imefungwa bandeji. Alitarajia atukanwe. Badala yake Zaliha akaanza kulia.

"Nisamehe, dada. Nimekuharibia siku yako."

"Siku yangu ipi?"

"Ya kesho. Hakukwambia? Alisema hatakwambia, lakini nikadhani hawezi kunyamaza."

"Sijaambiwa kitu. Sema."

Zaliha akajifuta machozi kwa kiwiko.

"Kidawa anasema kila Idi yeye anaona bonde, wewe unaona vumbi. Anasema hujawahi hata siku moja kukaa mbele, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeweza kushika breki asubuhi. Mwaka huu alitaka ukae wewe. Idi tatu, mbele ya watu wote. Alitaka uulizwe wewe, 'Nani nyuma?'"

Mwantumu akakaa kwenye ncha ya benchi.

"Sasa nani angekaa nyuma yako? Yeye mkono wake wa kulia hauna nguvu, unajua ulivunjika utotoni. Ndipo akanileta mimi, maana nyumbani kwetu nachota maji na kutwanga kila siku, nina mikono. Juzi alasiri, wakati umelala, tulijaribu kipande cha chini. Kulikuwa na jua, breki ikashika vizuri. Nikamwambia, basi Idi tatu nikae nyuma ya Mwantumu moja kwa moja. Akakataa. Akasema, 'Siwezi kumpa Mwantumu mtu ambaye hajajaribiwa mteremko mzima. Nitamjaribu kwanza kwa mwili wangu.'"

Mwantumu alisimama akatoka nje. Zaliha alidhani amekasirika, akamwita, "Dada, nisamehe!" Mwantumu hakuweza kumtazama.

Siku ya pili yake wazee walikuja na mashoka. Toroli likapasuliwa, reli ikang'olewa, kila nyumba ikachukua fungu lake la kuni. Mwantumu hakupata kulipanda akiwa mbele, wala hatalipanda tena.

Kidawa alirudishwa nyumbani na plasta kuanzia pajani hadi kwenye vidole. Daktari alisema mguu utaunga, lakini utakuwa mfupi kuliko mwenzake. Shule ilifunguliwa, Zaliha akarudi peke yake na lile begi la kuburuta. Kidawa alibaki amelazwa kwenye kitanda cha kamba karibu na dirisha.

Kijiji chote kilikwenda kumpa pole. Mwantumu hakwenda. Yaani alikwenda, mara nyingi, akafika uani akasikia sauti ya Kidawa ndani, akageuza. Watu walisema, "Huyu naye ana kiburi. Ndugu yake amevunjika, yeye bado amenuna kwa ajili ya kiti." Mwantumu aliwaacha waseme, kwa kuwa ukweli ulikuwa mbaya kuliko hayo.

Mwishowe, Ijumaa moja, alibisha hodi.

Mama yake Kidawa alifungua mlango. Mikono yake ilikuwa na unga. Alimwona aliyesimama pale, akabaki kizingitini bila kumpisha.

"Karibu, Mwantumu. Umechelewa."

"Mama mdogo, kabla sijaingia nina neno."

"Liseme."

"Zaliha aliniuliza kama kuna jambo la kujua. Nilimwambia hakuna. Lilikuwepo. Breki hupakwa majivu asubuhi, na majivu nilikuwa nayo, hapa, kwenye pindo hili. Nilinyamaza kwa sababu alitajwa yeye."

Mama alilitazama lile pindo la kanga. Unga ulianza kukauka kwenye vidole vyake. Hakupiga kelele, wala hakumshika bega.

"Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Hakuna anayejua ila wewe."

"Na umekuja kumwambia?"

"Nimekuja kumwambia. Akinifukuza, nitaondoka."

Mama akageuza uso ndani, kule dirishani, kisha akamrudia. Akasogea pembeni kidogo, kiasi cha mtu mmoja kupita.

"Ingia," akasema pale mlangoni. "Utamkuta amenuna. Tangu asubuhi anawatazama wasichana wanaopita barabarani, na anawachukia kwa sababu wanatembea. Mimi mama yake nimeshindwa cha kumwambia. Mwambie wewe, mwanangu, wivu wa namna hiyo unaanzaje na unaishia wapi."

Funzo: Ukiona nafasi yako kapewa mwingine, uliza kabla hujachukia, kwani huenda anayekuondoa hapo anakuandalia mahali pazuri zaidi, na neno la kumwokoa mwenzako ukilizuia kwa wivu, umemsukuma kwa mkono wako.