Mkono Uliotoka Nje ya Pazia

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Yemeni ya kale aliishi kijana mwandishi wa wasia, Khuzaima bin Dhakwani, mcha Mungu wa kweli ila mdomo wake haukuwa na kufuli. Kila apitapo sokoni hujigamba kuwa hakuna kadhi aliyewahi kuurudisha wasia wake. Watu wakamtania kwamba wagonjwa wa mji ule hawathubutu kufa kabla hajakausha wino. Naye anacheka, anakubali.

Siku moja akaitwa na mjane mgonjwa wa mtaani kwake, Bi Rumaysa. Bibi alikuwa nyuma ya pazia, na mashahidi wawili wakakaa mlangoni kwa heshima. Akausia kwamba kisima chake cha uani, ambacho hakikufika theluthi ya mali yake, apewe jirani yake. Kilichobaki wagawane warithi kwa mujibu wa sharia. Khuzaima akaandika "jirani yangu", akaondoka akiusifia mwandiko wake.

Bibi alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mji mzima ulijua kisima ni cha Ghaziya, mtia rangi vitambaa, mlezi wa mayatima. Ukuta wake uligusana na wa bibi, na bila maji yale hana riziki. Kadhi akausoma wasia, akatuma watu wakatazame, kisha akasema jirani mwenye haki ya kwanza ni yule ambaye mlango wake uko karibu zaidi. Mlango wa Ghaziya ulifungukia uchochoro wa nyuma.

"Mlango wa karibu ni wako, Khuzaima. Kisima ni chako."

Ghaziya hakulia, alikunja mikono yake iliyokolea nili, akainuka aende zake.

Hapo Khuzaima akakumbuka. Bibi alipotamka neno lile, mkono wake ulitoka nje ya pazia ukaashiria ukuta wa Ghaziya. Mashahidi hawakuuona. Aliuona yeye peke yake, na kwa kujiona bwana mkubwa akaona kuuliza ni kazi ya wanafunzi. Sasa akinyamaza, ana kisima. Akisema, hana kisima wala jina.

"Ewe kadhi," akasema, na sauti haikuwa ile ya sokoni, "niliandika ulimi wake, sikuandika mkono wake. Aliashiria ukuta wa Ghaziya. Wasia ule una kasoro, na kasoro yenyewe ni mimi."

Mrithi mmoja akadakia kwamba shahidi mmoja hatoshi, kisima kirudi kwao.

"Angejishuhudilia, ningemtaka wa pili," akasema kadhi. "Anayekiri dhidi ya nafsi yake, bwana, anatosha. Kisima ni cha Ghaziya."

Tangu hapo Khuzaima hakuandika neno kabla ya kuuliza "Yupi?", mpaka sokoni wakamwita Sheikh Yupi. Naye, aliyependa sifa kuliko uji wa asubuhi, akaliitikia jina hilo hadi kufa kwake.

Ndugu zangu, tusidanganyane. Sisi twaogopa kuibiwa kilicho chetu; yeye aliogopa kupewa kisicho chake. Na wewe uliyeulaza wasia wako chini ya godoro ukajiona umemaliza kazi, humo umemtaja nani? Yupi?