Kidari cha Aikaruwa

Haya, sogeeni. Mwenye masikio atanisikiliza, mwenye usingizi akalale kwake, maana mwisho wa hadithi hii nataka jibu, sitaki miayo.

Juu kule mlimani, kwenye migomba, alikuwepo mama mmoja aitwaye Aikaruwa, mpishi wa mbege, pombe ya ndizi. Na si mbege ya kubahatisha! Watu waliupanda mteremko mzima, wakavipita vilabu vitatu njiani, ili wanywe yake. Sasa mpishi wa pombe lazima aonje. Aikaruwa alionja asubuhi, akaonja mchana, na jioni alikaa na wateja akaimaliza kata yake mwenyewe. Sokoni alikwenda kwa bodaboda. Akanenepa, akang'aa, majirani wakasema kweli huyu ametulia kwa mumewe.

Watu watatu walikuwa karibu naye. Shangazi yake, Ndeanansia, alijaliwa ulimi usiomwogopa mtu. Mumewe, Eliringia, alijaliwa subira ya kumchosha punda. Wifi yake, Haikaeli, nesi wa zahanati, alijaliwa vidole vyepesi vinavyogundua jambo kabla jicho halijaliona.

Katika ukoo wa baba yake Aikaruwa kulikuwa na neno lisilotamkwa. Dada wawili wa baba yake walikufa kwa saratani ya matiti. Ukoo ukatangaza kwamba wa kwanza alirogwa, wa pili aliuawa na huzuni. Hata wachache waliojua ukweli walijipoza moyo: "Aikaruwa ni mtoto wa kaka yao. Baba hana matiti, atarithisha nini?"

Siku ya ubatizo wa mjukuu mmoja wa ukoo, watu wote wamekaa, Shangazi Ndeanansia akasimama kabla ya chakula. "Dada zangu hawakurogwa," akasema. "Ilikuwa saratani ya matiti. Na daktari alinieleza kwamba urithi huo hupita kwa baba vilevile unavyopita kwa mama. Kaka, hebu mtazame Aikaruwa. Pua hiyo kaitoa wapi kama si kwako? Basi kama pua imepita, na hili linaweza kupita." Lo! Kaka mtu akaondoka na fimbo yake bila kuonja chakula. Shangazi akaitwa mvunja nyumba, na kwa mwaka mzima hakualikwa hata kwenye kipaimara. Naye hakulifuta neno lake.

Aikaruwa hakulala vizuri tangu siku ile. Alipokwenda kuuliza hospitali, daktari akamwambia, "Urithi huwezi kuubadilisha, mama. Si kila aliye nao huugua, na wengi wasio nao huugua. Lakini pombe, unene na kukaa bila kuutumia mwili huongeza hatari, na kwako hatari tayari ipo." Akarudi nyumbani analia. "Niache mbege? Mimi ni nani bila mbege?"

Hapo ndipo Eliringia alipoigeuza kata yake kifudifudi mezani. "Pika, Mama Ndeshi," akasema, akimwita kwa jina la binti yao. "Onja, kisha uteme. Na mimi sinywi tena, usije ukawa peke yako." Wanaume wa kilabuni walimcheka mpaka machozi: mume wa mpishi anakunywa maji! Yeye akanywa maji yake. Sokoni wakaenda kwa miguu, kupanda na kushuka, mvua na jua, na Aikaruwa akilalamika njia nzima. "Lalamika," mumewe alimwambia, "ila usisimame." Mwili ukapungua, pumzi ikarudi, na mbege ikabaki tamu vilevile.

Haikaeli naye hakuamini kwamba miguu inatosha. Alimfundisha wifi yake kujipima matiti, alimpeleka kupigwa picha, na kila alipokuja kusalimia alimpima mwenyewe. Mwaka wa tatu vidole vyake vikasimama. Uvimbe kama punje ya hindi. "Hauumi," Aikaruwa akasema, "niache na ndizi zangu." Akamfukuza. Haikaeli akaketi kwenye kizingiti, akaapa kwamba hapiti mteja mpaka wifi yake avae viatu. Wateja wakamtukana, ndizi zikaharibika, yeye hakubanduka. Asubuhi iliyofuata walikuwa hospitali. Ilikuwa saratani, lakini changa. Ikakatwa, zikafuata dawa kali, na mwili uliozoea milima ukazistahimili.

Miaka mitano ikapita. Madaktari wakasema hawaioni tena. Aikaruwa akachinja mbuzi, akapika mbege ya kumaliza kiu ya ukoo mzima, akasimama uani kifua mbele, na kovu lake hakulifunika. Hata baba yake alikuja, akaketi kando ya dada yake Ndeanansia.

Sasa sikilizeni. Katika nyumba ile kidari cha mbuzi hakikatwi vipande. Hupewa mtu mmoja, aliyemwokoa mwenye sherehe, na anayekipokea ndiye anayesikilizwa na mabinti wote wa ukoo.

"Ningenyamaza mimi," akasema Shangazi, "Haikaeli angetafuta nini kifuani kwa mtu aliyenona?"

"Na maneno yako, Shangazi, yangebaki maneno," akajibu Haikaeli. "Uvimbe haukusikia hotuba."

Eliringia akacheka. "Mlisema na mlipapasa. Mguu wa kila siku ulikuwa wa nani?"

Watu wakapiga vigelegele, kila upande ukimtaja wake. Aikaruwa alikiinua kidari kwa fahari. Alijiona tajiri, mtu mmoja kupiganiwa na watatu! Ndipo bintiye Ndeshi akamsogelea. Ndeshi alikuwa na pua ileile.

"Mama, mpe unayemtaka," akasema polepole. "Lakini ujue, huyo ndiye nitakayemfuata mimi. Nianze na kuuliza ya ukoo, nianze na kata yangu, au nianze na vidole?"

Aikaruwa akawatazama wale watatu, akamtazama mtoto wake, na kidari bado ki mikononi, mafuta yakimchuruzika hadi viwikoni.

Mimi nimewafikisha hapo, siendi mbele hata hatua. Nyama inapoa, na Ndeshi anangoja. Je, wewe uliyeketi hapo, kidari ungempa nani?