Harufu ya Mafuta Haiwashi Taa

"Harufu ya mafuta haiwashi taa." Mmeisikia leo mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Basi ilianza hivi.

Kisunzi, kijiji cha wakamua mawese, aliishi mjane aitwaye Nyamwiza. Yeye na shemeji yake, Ruhaga, waliachiwa shamba moja la michikichi. Siku moja Ruhaga alikuja mbio na gazeti. Kampuni iliyochimba kisima cha kutafuta mafuta ya petroli bondeni ilikuwa imetangaza "dalili za kutia moyo" katika mita arobaini za mwamba.

"Shemeji, tuuze shamba tununue hisa kabla hazijapanda!"

Nyamwiza alilisoma tangazo mara tatu, na mara zote roho yake ilikataa. Mita zilitajwa, kina kilitajwa, hata shahada za mhandisi. Mapipa hayakutajwa popote. Mwenye mali, aliwaza, hutanguliza mali.

Kesho yake wakala wa hisa alifika, viatu vinang'aa, mkononi ana jiwe lililotoka kisimani. "Nusa, mama." Kweli lilinuka mafuta. Ruhaga nusura alilambe.

Lakini Kisunzi hakuna anayenunua mawese kwa kunusa, maana hata yaliyotiwa maji hunukia. Mnunuzi huyatia kwenye taa ya utambi akawasha, ndipo bei itajwe. Nyamwiza aliingia ndani, akatoka na taa tupu.

"Nijazie hii, baba."

"Mama, hili ni jiwe tu! Mafuta yako chini."

"Yanatoka mapipa mangapi kwa siku?"

"Bado hatujajaribu kuyatoa."

"Na mtambo wa kuchimbia uko wapi?"

Wakala alikohoa. "Umehamishwa."

"Mimi nikiona mawese yanatoka, siondoi sufuria. Nyinyi mmeondoa mtambo mzima?"

Ruhaga alifoka, "Wewe unashuku hata kivuli chako!" Wakagawana shamba, naye akauza nusu yake, akanunua hisa. Nyamwiza alilia siku ile, kwa uchungu wa michikichi aliyoipanda marehemu mumewe.

Baada ya miezi minne kampuni ilitangaza, kwa mistari miwili tu, kwamba kisima kimezibwa kwa saruji. Mafuta yamo mwambani ila hayatoki. Hisa zikawa makaratasi.

Msimu wa mavuno Nyamwiza alimkuta Ruhaga mpakani, ana panga mkononi, akimkatia mwenye shamba mpya mikungu ya michikichi iliyokuwa yake kwa kibarua cha kutwa. Alifungua kinywa amsalimu, lakini shemeji yake alimwahi, macho chini.

"Usiniambie kitu, shemeji. Nimeshajua. Harufu ya mafuta haiwashi taa."