Zimwi Aliyewatunzia Watu Mbegu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti ndogo? Najua, mmeshinda shambani. Hata mimi kiuno changu leo hakina hali. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni huku, moshi usiwaumize macho.

Hapo kale palikuwa na kijiji mlimani, kikiitwa Kimbwi. Watu wake walilima mtama mwekundu na kunde, nao walikuwa wamechoka. Walichoka kulima, walichoka kufukuza ndege, na zaidi ya yote walichoka kutunza mbegu. Maana mbegu ni kama mtoto mchanga: mara panya, mara fukusi, mara unyevu. Kila nyumba ilikuwa na kibuyu chake darini, juu ya moshi wa jiko, na kila asubuhi mtu alipanda kukitazama.

Humo aliishi mjane mmoja, Nakiete, na binti yake Sifuni. Marehemu mumewe alikuwa na wake wawili. Mke mdogo aliitwa Namkunda. Siku ya kumaliza matanga, wajane hao waligombana juu ya shamba la bondeni. Nakiete akalichukua shamba. Namkunda akabeba jembe lake na kibuyu chake cha mbegu, akaenda kukaa ng'ambo ya mlima, kwenye mawe. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Basi siku moja, mavuno yameisha, watu wameketi wamenyoosha miguu, akatokea zimwi. Alikuwa mrefu kupita paa la nyumba, jicho moja usoni na jingine kisogoni. Watu walitaka kukimbia, miguu ikakataa.

Zimwi hakunguruma. Alisema kwa upole, "Poleni na kazi. Mmechoka, wanangu. Nipeni mbegu niwatunzie."

Pole ile iliwaingia kama maji ya moto mgongoni.

"Utazitunza wapi?" akauliza Mzee Kajiru, mkubwa wa kijiji.

"Pangoni kwangu. Hakuna panya, hakuna fukusi, hakuna unyevu. Mvua ikija, njooni mchukue."

Aliyetangulia kuinuka ni Nakiete. Alishusha kibuyu chake darini, akampa. Wengine wakamfuata. Kesho yake hakuna aliyepanda darini. Watu walilala mpaka jua likawachoma.

Mvua ilipokuja wakaenda pangoni. Zimwi akachota mbegu, akazipulizia pumzi yake, puuu! Akawagawia. Mtama ukaota mnene, kunde zikajaa. Zimwi akataka kikapu cha mtama kwa kila nyumba. Wakampa.

Lakini Nakiete alichukua punje chache za mavuno yale, akazipanda karibu na mlango. Hazikuota. Akazimwagilia maji. Hazikuota. Akafukua, akazikuta nzima, baridi kama kokoto. Kumbe mbegu iliyopulizwa na zimwi huzaa mara moja tu, na kilichozaliwa hakizai. Nakiete akazifukia tena. Angesema nini, naye ndiye aliyetangulia kutoa?

Mwaka wa pili, kila nyumba ikiwa imeona vivyo hivyo, wakarudi pangoni. "Mmechoka, wanangu," akasema zimwi. "Nipeni mbuzi." Wakampa mbuzi.

Mwaka wa tatu wakarudi. "Mmechoka, wanangu," akasema. "Mwaka huu nataka mtoto wa kunifagilia pango. Namtaka yule." Akamnyooshea kidole Sifuni. "Nitamfuata mwenyewe mvua ikishika. Nikimpata, mtapata mbegu."

Sasa, zimwi yule alikuwa na mwiko wake. Mtoto hamchukui mpaka mama yake amtoe kwa mkono. Njaa ndiyo iliyokuwa ikimfanyia kazi.

Njiani kurudi, Mzee Kajiru alitembea karibu na Nakiete.

"Mama Sifuni," akasema, "tusipopanda tutakufa wote."

"Unaniambia nimtoe mwanangu?"

"Sikwambii kitu, mama. Nimechoka tu."

Nakiete hakulia. Alimshika Sifuni mkono, akaupita mlango wa nyumba yake, akapanda mlima. Walipanda mawe, wakapanda miiba, wakapanda mawe tena, mpaka wakamwona Namkunda ameinama, analima kishamba kidogo kama mkeka.

"Hodi," akasema Nakiete.

Namkunda hakuinua kichwa. "Mama Sifuni, umepotea njia? Bondeni ni kule."

"Sijapotea. Nimekuja kwako, mdogo wangu."

"Leo mimi ni mdogo wako? Nilipougua homa hapa peke yangu, nilikuwa nani wako?"

Nakiete alimwachia Sifuni mkono. Aliokota jembe bovu lililokuwa pale, akainama, akaanza kulima mstari wa pili. Walilima bega kwa bega. Jua likapanda. Sifuni akawaletea maji.

Walipofika mwisho wa mstari Namkunda akauliza, "Zimwi amewamaliza?"

"Ametumaliza. Anamtaka huyu."

Namkunda akamtazama mtoto, akashusha pumzi. "Hata kwangu alifika. Akaniambia, 'Umechoka, mwanangu, nipe mbegu nikutunzie.' Nikamwambia, 'Kweli nimechoka, mzee. Basi shika jembe unisaidie.' Akaondoka, hakurudi."

Nakiete akacheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Unayo mbegu, Namkunda?"

"Ninayo. Mtama ule ule, kunde zile zile. Lakini ni kidogo. Nikikupa na mvua ikakata, nitakula mawe."

"Shamba la bondeni nililokunyima, tutalima wote wawili. Sina kingine cha kukupa."

Namkunda akalikung'uta jembe lake udongo. Halafu akaingia ndani, akatoka na kibuyu cheusi kwa moshi.

"Chukua nusu," akasema. "Ila usikae nayo peke yako. Mwaka juzi nyani walimaliza shamba langu lote, halikubaki suke. Iliyoniokoa ni konzi moja ya mbegu niliyompa jirani wa huku ng'ambo. Nilikwenda kumwomba, akanirudishia. Gawa, Mama Sifuni. Gawa mpaka nyumba ya mtu usiyempenda."

Basi Nakiete akashuka. Miguu ilimuuma, lakini hakwenda kulala. Alipita nyumba kwa nyumba. Kila mlango alisema maneno yale yale: "Shika konzi. Nyingine panda, nyingine weka." Wengine walipokea kwa mikono miwili. Wengine walinung'unika, "Kidogo hivi kitatusaidia nini?" Akawapa wao pia.

Mvua ikashika. Zimwi akaja.

"Mama Sifuni, nipe mtoto, nikupe mbegu."

"Mbegu tunazo, mzee."

Zimwi akanusa. "Nasikia harufu ya mbegu!" Akatia mkono darini kwa Nakiete, akameza kibuyu kizima, akafukua na shamba, akalamba. "Sasa hamna!"

Nakiete, akijua mbegu imetawanyika, akaita kwa sauti:

"Zimwi kala kwa Nakiete,
kwa Kajiru imo!"

Zimwi akakimbia kwa Kajiru. Akameza, akafukua, akalamba. Mzee Kajiru akaita:

"Zimwi kala kwa Kajiru,
kwa Mbonea imo!"

Zimwi akakimbia kwa Mbonea, jirani wa kisimani. Akameza, akafukua, akalamba. Mbonea akaita:

"Zimwi kala kwa Mbonea,
ng'ambo ya mlima imo!"

Loo! Zimwi alizoea kumeza ghala moja lililojaa, si konzi huku, konzi kule, punje ndani ya paa, punje ndani ya pindo la nguo. Alishuka bonde, akapanda mlima, akashuka tena. Mlango huu akimaliza, mlango ule unaitika. Mwishowe akaketi njiani, ulimi nje.

Sifuni akamsogelea, akasimama mbali kidogo. "Umechoka, mzee," akasema. "Shika jembe utusaidie."

Zimwi akainuka, akaenda zake. Hakurudi pangoni wala hakurudi Kimbwi. Msidhani alikufa. Alitafuta kijiji kingine chenye watu waliochoka, na hakosi kukipata.

Mwaka ule mavuno yalikuwa haba. Watu walikula uji mwepesi na mboga za porini. Nakiete na Namkunda walilima bonde pamoja, wakigombana na kunyamaza, wakigombana na kunyamaza. Lakini punje walizovuna, walipozipanda, ziliota. Na kila mavuno Nakiete alizunguka nyumba kwa nyumba, akitoa konzi na kupokea konzi, mpaka miguu ikakataa. Siku hiyo Sifuni akajitwika kibuyu, akaenda.

Hadithi yangu imekomea hapo. Aliye na nyingine aisimulie, mimi nimechoka. Ila shikeni hili: kutunza mbegu kunachosha, lakini anayekupunguzia kazi hiyo atakuja kudai kikubwa kuliko jasho lako. Mbegu ya nyumba moja huliwa na zimwi mmoja. Mbegu ya nyumba nyingi humchosha.